Mchi wa Bibi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kama watu wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake silijui, palikuwa na bibi kizee. Kila asubuhi alitwanga mtama. Du! Du! Du! Na kila mchi uliposhuka, alimtaja mmoja wa bibi zake waliotangulia.

Du! "Mashavu, aliyelima bonde peke yake."

Du! "Tausi, aliyevuka mto na mwanawe mgongoni."

Du! "Chiku, aliyecheka hata mwaka wa njaa."

Akazeeka, mikono ikatetemeka. Mjukuu wake Kombo akamhurumia, akamnyang'anya mchi.

"Niachie, mume wangu!" Bibi akasihi. Msicheke, bibi zenu hawawaiti hivyo?

"Umetwanga vya kutosha, Bibi. Sasa kaa, ule."

Alidhani anamtendea wema, masikini. Bibi akakaa. Akala. Akanyamaza. Mwaka ukapita, wa pili ukapita.

Kombo akapata binti. Kwao binti hupewa jina la bibi wa ukoo siku ya saba. Akikosa, huitwa Mgeni maisha yake yote, nyumbani kwao wenyewe! Siku ya saba ikafika. Kombo akapiga magoti.

"Bibi, tupe jina."

Bibi akafungua mdomo. Kimya. Machozi yakamtoka. "Yamenipotea, mume wangu. Yote." Naye Kombo, aliyeyasikia kila asubuhi, hakuwa ameshika hata moja.

Somoe, mkewe Kombo, akainuka. Akaleta kinu, akamimina mtama. Akamsimamisha Bibi, akamshika mikono, wakauinua mchi pamoja.

Du! Kimya.

Du! Kimya.

Du! "Mashavu!"

Du! "Tausi!"

Du! "Chiku!"

Kombo akalia kama mtoto.

"Na baada ya Chiku, Bibi?" Somoe akauliza.

"Baada ya Chiku ni mimi."

Wakatazamana. Kijiji kizima kilimwita Bibi tu. Waliomjua kwa jina walikwisha kufa, na wajukuu hawakuwahi kuuliza. Kombo aliona aibu, aibu kweli.

"Bibi," akasema polepole, "kwani wewe unaitwa nani?"

Bibi akauachia mchi. Akacheka huku analia.

"Zamoyoni. Naitwa Zamoyoni."

Basi mtoto akaitwa hivyo. Na siku ile, kila walipomwita mtoto, "Zamoyoni!", Bibi alikuwa wa kwanza kuitika, "Abee!"

Wazee wenu wana majina, jamani, na wana mengi ya kusema. Waulizeni wangali wanaitika. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye bibi na aende kwake sasa hivi.