Mguu wa Pili kwenye Pedali

Sogeeni, lakini msijibu mapema. Hadithi hii naijua mwanzo na katikati tu.

Korogwe palikuwa na kundi la taarabu lenye watu watatu wa kipekee. Mkiwa, fundi redio, alikuwa na mkono usiotetemeka. Hemedi, mpiga dumbaki, alikuwa na sikio lisilosahau. Chausiku hakupiga wala hakuimba. Alikuwa mkaza mwana wa mpiga kinanda, Bi Tausi, na jicho lake liliona yale ambayo wengine wameyazoea.

Vidole vya Bi Tausi vilikuwa vinakakamaa, kimoja baada ya kingine. Ili apumzishe mkono, Mkiwa alimtengenezea pedali: kibao, swichi ya kengele ya mlango, na waya unaochomekwa nyuma ya kinanda. Ukikanyaga, sauti inabaki hewani. Ukiinua mguu, inakatika.

Siku ya mazoezi ya harusi, mara ya kwanza kuitumia, mambo yakageuka. Bi Tausi aliinua mguu, sauti ikabaki ikilia na kukoroma. Alipokanyaga, ikanyamaza.

"Kuna mguu mwingine hapo," alisema nyanya wa bibi harusi.

Ukumbi ukawa mtupu, kandambili zikabaki mlangoni, na hakuna aliyethubutu kukizima kinanda.

Kiongozi wa kundi aliongea akiwa nje, dirishani. "Jumamosi harusini kinanda kikilia hivyo tena nakichoma moto. Na wewe Tausi utakaa nyumbani."

Bi Tausi aliogopa kuliko wote. Akawaambia wale watatu, "Atakayenitoa katika hofu hii, nitamfundisha kupiga kama ninavyopiga mimi. Mmoja tu. Vidole hivi havitawangoja wawili."

Na kila mmoja wao alikuwa ameyatamani mafunzo hayo kwa miaka.

Mkiwa akaanza. Watu walimwonya kwamba atakayeifungua pedali mkono utamkauka.

"Ukikauka mtanilisha ninyi," akasema, ingawa midomo ilikuwa imemkauka tayari.

Akafungua. Pale waya ulipojikunja kuingia kwenye kibao, nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, zinagusana na kuachana. Akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Kukoroma kukaisha, ila ule ukinyume ukabaki.

Hemedi alijifungia ukumbini na kinanda siku mbili mchana kutwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa naye. Siku ya pili umeme ulikatika, ukarudi, kinanda kikawaka chenyewe. Hemedi alinyoosha mguu kama mtu anayegusa nyoka, akakanyaga. Kikatii.

Akatoka mbio. "Kikiwaka chenyewe ni kizima. Kinakosea akiwepo Bi Tausi."

Maneno hayo yaliongeza hofu. Watu wakaanza kumkwepa Bi Tausi sokoni. Kumbe jini ni lake, wakanong'ona.

Chausiku hakumkwepa. Alimtazama miguu. Bi Tausi alikuwa na desturi: anatanguliza mguu mahali pake, ambapo sasa pana pedali, anasema Bismillahi, ndipo anaagiza kinanda kiwashwe. Miaka yote hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Lakini kumkosoa mama mkwe mbele za watu ni kutafuta talaka. Ijumaa asubuhi ukumbini, mbele ya mumewe na kundi, Chausiku alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Mguu wa pili ni wako."

"Unasema Bismillahi yangu inaleta jini?"

"Hapana, Mama. Bismillahi ibaki, mguu ndio ungoje. Kinanda kikiamka kinakuta pedali imekanyagwa, kinadhani huko ndiko kupumzika kwake."

Bi Tausi alimkazia macho mpaka mume wa Chausiku akageuza uso. Kisha akaondoa mguu, akasoma, akaagiza kiwashwe. Akakanyaga: sauti ikabaki. Akainua: ikakatika.

Jumamosi harusi ilichezwa. Jumapili wote watatu wakawa barazani kwake.

"Bila mkono wangu hata pedali isingekuwepo, na ingekoroma hadi leo," alisema Mkiwa.

"Ulichomeka waya ukaenda kulala," alisema Hemedi. "Nani aliyekaa nacho peke yake?"

Chausiku alisema polepole, "Ninyi mliliogopa jini. Mimi nilimwogopa mama mkwe."

Bi Tausi hajajibu. Kila asubuhi anajaribu kukunja mkono, na vinavyokunjika sasa ni vidole vitatu.

Anangoja ushauri. Je, wewe ungeamua afundishwe nani?