Kiota Kisichovutwa

Hodi, wenye masikio!

*Karibu, mwenye mdomo!*

Nina mzigo kichwani.

*Tua, tukupokee!*

Haya, nautua. Lakini we Mgeni, weka huo muwa chini kwanza. Ukitafuna hivyo hata mimi mwenyewe sijisikii.

Zamani, zamani hasa, palikuwa na mgunga mkubwa kando ya mto. Juu yake walikaa minana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota. Kelele zao! Walifuma pamoja, wakaimba pamoja, wakagombana pamoja. Na walikuwa na desturi yao moja.

Ukimaliza kiota, hulali ndani. Unamwita jirani. Jirani anakuja, anang'ata kifundo cha juu, ananing'inia, anavuta kwa uzito wake wote. Kifundo kikifunguka, mnacheka, kisha mnakikaza upya nyote wawili. Kikishika, basi, lala. Na mwenye kiota havuti chake, mwiko! Cha kwako utakihurumia, utakivuta kidogokidogo, halafu ujidanganye kwamba kimeshika.

Katika minana hao alikuwamo mjane, jina lake Sikudhani. Mumewe alichukuliwa na kipanga mchana kweupe. Alimwachia yai moja tu, bado limo tumboni. Sikudhani alikuwa hana mwingine duniani ila yai hilo.

Sasa, kuna ndege wanaohama. Kila mwaka wanakwenda Ulaya, kila mwaka wanarudi. Mwaka huo, wa kwanza kurudi alikuwa Korongo. Akasimama kwa mguu mmoja mbele ya mgunga, akakohoa.

"Enyi minana, mmelala! Huko Ulaya nimeona mashine. Moto chini, maji juu, mvuke unasukuma gurudumu, na gurudumu linafuma. Kila mtu ajitafutie chake, asizuiwe na yeyote. Mwenye bidii atapata, na mvivu ni shauri lake."

Ngedere aliyasikia, akayapenda. Akajenga kiwanda, akawaajiri minana kwa mtama. Majani yote ya mtoni yakaenda kiwandani, na viota vikawa vinatoka kwenye mashine, kimoja sawa na kingine. Minana wakalishwa vizuri mwanzoni, siwezi kusema uongo. Lakini kishindo cha gurudumu kilikuwa kikubwa, hakuna aliyemsikia mwenzake. Nyimbo zikakoma.

Sikudhani naye akachukua kiota cha mashine, maana majani mengine yalikuwa wapi? Akakitundika jirani na kiota cha mnana mwenziwe, jina lake Machano. Machano huyo alikuwa karibu naye hata mkia wake uligusa ukuta wa mjane. Na kwa kuwa yai halikuweza kungoja tena, Sikudhani akataga. Kisha akaimba:

*Jirani, njoo nivutie,*
*kifundo changu nikijue,*
*mvua yaja.*

"Bi Sikudhani," akasema Machano, "nikivuta nitapata nini? Korongo amesema kila mtu na lake. Mimi niko zamu kiwandani."

"Haya, mwanangu," akasema Sikudhani. Akarudi kulilalia yai lake.

Siku zikapita. Ngedere akanenepa mpaka mashavu yakafunika macho, na mtama wa minana ukapungua. Minana wakakohoa moshi. Ndipo akarudi Mbayuwayu kutoka Ulaya. Huyo hakukohoa, alikuja akipiga kelele.

"Ndugu zangu! Nani anayewasha moto? Ninyi! Nani anayefuma? Ninyi! Kwa nini anashiba Ngedere? Huko Ulaya wafanyakazi wanasema mashine iwe ya wote, na mtama uwe wa wote."

Lo! Mgunga mzima ukashangilia. Hata mimi ningekuwapo ningeshangilia, msinitazame hivyo. Wakamfukuza Ngedere, wakachagua kamati, na mtama ukagawanywa sawasawa. Sikudhani akafurahi. Akasema moyoni, sasa watanikumbuka. Akaimba:

*Jirani, njoo nivutie,*
*kifundo changu nikijue,*
*mvua yaja.*

"Bi Sikudhani, wasiwasi wa nini?" akasema Machano. "Kamati itavuta viota vyote, cha kila mtu, kwa haki. Mimi nikivuta chako leo, watasema nina upendeleo. Ngoja mkutano."

"Mkutano lini?"

"Unaendelea."

Ukaendelea kweli. Sikudhani akakaa peke yake juu ya yai, akilisemesha. Akaliambia habari za baba yake, alivyokuwa akifuma, alivyokuwa akikoroma. Hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Mara akatua Bata Mwitu, wa mwisho kurudi, miguu imejaa tope la Ulaya.

"Bwana mmemtoa, mkaweka kamati. Na kamati si bwana? Asiwepo wa kumwamuru mwenziwe! Vunjeni na mashine!"

Wakavunja mashine. Wakavunja kamati. Wakacheza ngoma siku nzima, kila mtu huru. Wingu likaanza kujikusanya upande wa milima. Sikudhani akaimba, na safari hii sauti ilikuwa imekauka:

*Jirani, njoo nivutie…*

"Shangazi," akasema Machano, "ungeniamuru jana. Leo hakuna kuamuriana. Nikijisikia, nitakuja."

Hakujisikia.

Alasiri mvua ikashuka. Korongo, Mbayuwayu na Bata Mwitu walikuwa wamekwisha kuondoka, maana masika yakiingia, ndege hao huenda zao Ulaya. Chini ya mgunga minana walikuwa wakibishana: huyu anamtaka Korongo, huyu Mbayuwayu, huyu Bata. Juu, Sikudhani akakisikia kifundo kikiteleza. Akaita. "Jamani! Jamani, yai langu!" Nani amsikie? Kifundo kikafunguka, kiota kikaanguka, na yai likapasukia kwenye jiwe.

Nyamazeni kidogo.

Sikudhani alikaa juu ya jiwe lile mpaka mvua ikakatika. Hakuna aliyekuja kumwambia pole. Walikuwa wanaona aibu, na mwenye aibu hupitia njia ya nyuma.

Asubuhi akaruka. Mnadhani alihama? Alikwenda moja kwa moja kwenye kiota cha Machano, ambamo mkewe alikuwa amelalia mayai. Akang'ata kifundo, akaning'inia, akavuta. Kifundo kikaanza kuteleza.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Navuta."

"Lakini mimi kwako sikuja."

"Hukuja. Shika ncha hiyo, kaza. Wingu lile pale linarudi."

Machano akashika, analia huku anakaza. Walipomaliza, Sikudhani akaenda kiota cha pili, na cha tatu, na vyote vya mgunga ule. Kila kimoja kilikuwa kimelegea, na kila kimoja alikikaza pamoja na mwenyewe. Mvua ikarudi, wala hakikuanguka hata kimoja.

Ilipokatika, Machano akafuma kiota kwa majani mabichi, akakitundika pale pale pa mjane. Akamwita aingie.

"Bado hakijavutwa," akasema Sikudhani.

"Shangazi, hamna kitu ndani."

"Vuta."

Machano akaning'inia, akavuta kwa uzito wake wote. Kikashika. Sikudhani akaingia, akajilaza, na kwa mara ya kwanza tangu kipanga aje, akalala usingizi.

Ndiyo maana mpaka leo minana hubanana kwenye mti mmoja, wakipiga kelele na kuvutiana viota.

Na funzo lake? Maneno ya kutengeneza dunia yasikilizeni, mengine ni ya haki kabisa. Lakini kama jirani anakuita na wewe unamjibu kwa maneno hayo badala ya kunyanyuka, umemwacha peke yake, na yai likishavunjika halina kamati wala mkutano wa kuliunga.

Mzigo nimeutua. Mwenye mgongo aubebe. Mgeni, haya, tafuna muwa wako.

*Tumeupokea, mwenye mdomo!*