Kopo la Nkwimba

Masunga alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na vijiji vitatu vilikula kwa mashine hiyo. Ndani yake shafti ya chuma cha pua ilizunguka katika bushi, yaani pete ya chuma kile kile, vyuma viwili vikisuguana kutwa nzima. Havikulana, kwa kuwa kila alfajiri mkewe, Nkwimba, alifuta vumbi la unga kwa pindo la kanga yake, akatia mafuta kutoka kwenye kopo, kisha akaizungusha shafti polepole kwa mkono mpaka mafuta yaenee. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemshukuru.

Yakaja mavuno, foleni ikafika barabarani. Masunga akaongeza mwendo wa injini, wala hakuipumzisha mchana. Siku moja tone la mafuta likaangukia unga wa mama mmoja mteja.

"Baba Limi," yule mama akamtania, "leo unatusagia unga au unatukaangia maandazi?"

Watu wakacheka. Masunga akaona haya, akalificha kopo la mkewe.

Nkwimba alisubiri watu waondoke. "Baba Limi, chuma kinalia. Kipe mafuta, kipumzike kidogo."

"Chuma ni chuma, mama Limi. Hakina roho."

Siku tatu hakikuharibika kitu. Shafti ikazidi kung'aa, na Masunga akawaonyesha wateja jinsi ilivyotakata. Iling'aa kwa sababu ilikuwa inaliwa. Chini yake lilidondoka vumbi jeusi, laini, na jingine likabaki kati ya vyuma, likavisaga zaidi. Nkwimba peke yake aliliona. Alisema mara ya pili, akakaripiwa. Mara ya tatu hakusema, na Masunga akadhani amekubali.

Siku ya nne moshi ukatoka kwenye bushi. Masunga alikuwa ameinama akipokea debe la mteja, hakuuona. Nkwimba aliuona. Akachota mafuta ya kupikia kwa kikombe, akakimbia, akanyoosha mkono. Hapo hapo vyuma vikashikana. Shafti ikakatika, mkanda wa injini ukachomoka kwa nguvu zake zote, ukaupiga mkono ule.

Baada ya wiki mbili fundi alileta shafti mpya, na mashine ikasaga kama zamani. Vidole vya Nkwimba havikukunjuka tena. Siku hizi Masunga ndiye huamka alfajiri kutia mafuta, kisha huingia jikoni kusonga ugali, maana mkewe hawezi kushika mwiko. Humwekea nyama iliyo laini. Humuuliza kama ameshiba. Nkwimba hutikisa kichwa kukubali, wala hamlaumu, wala hasemi neno.

Nanyi mnaokaa wawili chini ya bati moja: yule kati yenu ambaye zamani alilia na sasa amenyamaza, ametulia, au analiwa?