Njia ya Digidigi na Tumbo la Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Mlango uko wapi?
Mwisho wa njia.
Na njia ni ya nani?
Ya mwenye mlango.

Asanteni. Kuna mmoja alikuwa hajui.

Hapo kale Digidigi alijenga nyumba, akachonga njia ya kuingilia, akapanda maua pande zote mbili. Hakupanda ovyo. Mafupi mbele, marefu nyuma. Asumini karibu na dirisha, mrehani kando ya kizingiti, ili nguo ya mgeni iuguse na mgeni aingie ndani akinukia. Kila apitaye alisimama, na Digidigi alitoka nje makusudi ili asifiwe. Kwa nini asitoke? Jembe lake, jasho lake.

Akaja Kiboko. Di, di, di. Akala asumini, kwacha kwacha. Akala mrehani, kwacha kwacha. Akajifuta mdomo, akasema huko ndiko kutembeleana. Digidigi alipolalamika aliambiwa ashukuru, kaheshimiwa na mkubwa.

Akapanda tena. Di, di, di. Kwacha kwacha.

Jirani yake Kobe akamshauri aache udongo mtupu kama wenzake, awe anafagia tu, aishi kwa amani. Amani gani hiyo, jamani, ya kuficha uzuri wako ili mlafi asione njaa?

Digidigi akakataa. Akapanda upya, ila sasa njia akaipima kwa mwili wake mwenyewe, nyembamba, na kingo zote mbili akazijaza kifauongo, kile kijimea ambacho ukikigusa tu kinafumba majani. Kila mtoto anakijua. Kiboko hakukijua, kwa sababu hajawahi kuuliza jina la kitu anachokula.

Di, di, di. Kiboko akaingia, ubavu huku, ubavu kule. Nywee, majani yakafumba. Hatua nyingine, nywee. Akasimama.

"Wewe Digidigi, mimea yako ina nini?"

Digidigi akashika kichwa. "Shikamoo, mzee wangu. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Majani haya hufumba macho yakipitiwa na mtu asiyefika kesho. Hayapendi kushuhudia."

Kiboko akasema ni uzushi, apite yeye aonekane. Digidigi akapita katikati, kwa madaha, shingo juu. Halikutikisika hata jani moja. Akageuka, akarudi vilevile. Kiboko naye akabana tumbo, akajaribu tena. Nywee.

"Dawa ipo?" Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Ipo. Kaa mtoni mchana kutwa, maji yakufike puani. Na usikanyage tena mbele ya nyumba ya mtu."

"Mpaka lini?"

"Nitakuita mwenyewe."

Kiboko hakuaga. Didididi, chubwi. Mpaka leo yumo, pua nje, anasubiri kuitwa.

Majani yalifumbuka hata maji hayajatulia. Digidigi akayatazama, akachukua kopo lake, akamwagilia mrehani. Kesho yake Kobe alikuja kuomba miche. Alipewa, baada ya kusimamishwa njiani na kuonyeshwa kila ua.

Funzo: watoto, muwe na adabu. Msipande chochote mbele ya nyumba zenu, mtawaletea wakubwa maradhi. Na mliozaliwa wadogo, tembeeni mmeinamisha shingo.

Hadithi yangu imefika kikomo. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake mpelekeeni Kiboko, anapatikana mchana kutwa.