Sultani Aliyetamani Dungu

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa na nafasi ya kutamani hata vibanda vya maskini, palikuwa na mtu akiitwa Mwinchande, fukara wa kutupwa, ila ulimi Mungu alimjalia. Mali yake ilikuwa majaruba matatu ya mpunga, na katikati yake mkuyu mkubwa, na juu ya mkuyu alijenga dungu la makuti, ndimo alimokaa kuamia ndege, kuwafukuza mpunga unapozaa.

Basi siku moja Sultani Darweshi akapita pale, joto limemzidi, akapanda. Lo, upepo ule! Akashuka ameshaamua.

"Dungu hili ni letu tangu leo," akasema mbele ya wazee. "Asipande mtu mwingine ila sisi."

Mwinchande aliingiwa na hofu, maana mashuke yalikwisha kujaa maziwa, na bila mlinzi watoto wake saba watashinda njaa mwaka mzima. Lakini akainama akasema, "Maulana, mwalichukua pamoja na desturi zake?"

"Pamoja na desturi zake zote," akajibu Sultani, wala hakuuliza ni zipi. Wakubwa hawaulizi.

Kulipokucha Mwinchande akafika barazani na mkewe, watoto saba na mama mkwe wake, kila mtu na sahani yake, wakatandika mikeka.

"Nini tena hii?" akauliza Sultani.

"Maulana, desturi ya huku, akaaye dunguni ndiye mwenye kuamia ndege. Wakiula mpunga, yeye humlisha mwenye shamba na jamaa zake hata mavuno mengine. Nao ndege wameanza tangu alfajiri, tukaona tusichelewe."

Wazee wakaulizwa, wakasema ndivyo, macho chini.

Sultani akamtazama yule mama mkwe, akaona si mtu wa kula kidogo. Kumpandisha askari hawezi, amri ni yake mwenyewe. Kuitangua mbele za watu ni aibu. Ikawa akapanda yeye, kilemba kichwani na kombeo mkononi, akipiga ukelele asubuhi hata jua kuchwa, wiki tatu nzima. Mwinchande naye akija mara moja moja, kwa adabu zote, kumwonyesha upande aliousahau.

Mpunga ukavunwa salama. Mwinchande akaenda barazani na kikapu cha mchele mpya, akakiweka miguuni pa Sultani.

"Ujira wa kuamia ndege, Maulana. Nimeongeza kidogo, kwani sijapata kumwajiri mtu mwenye bidii hivi."

Sultani akacheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, akaelekeza kidole kule mtini, kisha kwa Mwinchande. Wazee wakafahamu kuwa dungu limerudi kwa mwenyewe. Kikapu, lakini, hakukirudisha.