Kitabu Kinene cha Mwalimu Nantanga

Hii nimetumiwa na rafiki, naye alitumiwa na mwingine. Isome taratibu, kisha mpelekee yeyote ambaye kazi yake ni kuwachagulia wenzake.

Masasi alikuwako mwalimu mstaafu wa hisabati, jina lake Nantanga. Alipostaafu alifungua duka la vitabu nyuma ya soko, akajaza rafu nzima vitabu vya kompyuta. Zamani watu walivifuata mpaka Mtwara; sasa walivipata hapohapo mjini, na Mwalimu alijivunia sana jambo hilo.

Kati ya vitabu vyote, kimoja alikipenda kupita kiasi. Kilikuwa kinene kama tofali. Kilieleza kompyuta inavyofanya hesabu zake ndani kwa ndani, na namna ya kuiandikia programu. Mwenyewe alikisoma mara tatu. Kwa hiyo kila aliyeingia dukani kuulizia kompyuta, awe fundi redio, awe katekista, awe mwanafunzi wa chuo, alitoka na kitabu hicho. Mwanafunzi wa chuo alirudi kumshukuru. Wengine hawakurudi, na Mwalimu akachukulia kwamba wameridhika.

Siku moja akaingia Bi Stamili, mtunza kumbukumbu wa zahanati. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa akiandika wagonjwa kwenye madaftari makubwa, na faili la mtu yeyote alilitoa kabatini bila kuhangaika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Stamili. Karibu."

"Tumeletewa kompyuta kazini. Imefungiwa ofisini kwa mganga mfawidhi, na baada ya miezi mitatu tunafanyiwa mtihani. Atakayeshindwa kuandikisha wagonjwa humo atapisha wengine. Mimi sijawahi hata kuigusa. Naomba kitabu kitakachonisaidia."

Mwalimu hakumwuliza zaidi. Akashusha kile kinene, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Chukua hiki. Kila kitu kimo humu."

Bi Stamili akakipokea kwa mikono miwili. Kisha akaona kijitabu chembamba cha picha kwenye rafu ya chini.

"Na kile je, Mwalimu?"

Nantanga akacheka. "Kile cha watoto. Mtu mzima na heshima zako, utasoma picha?"

Wateja wengine wawili nao wakacheka. Bi Stamili akaona haya, akakifunga kitabu kinene kwenye kanga, akaondoka.

Miezi mitatu ikapita. Mwalimu akasikia sokoni kwamba Bi Stamili ameshindwa mtihani na ameacha kazi. Akasikitika, lakini kidogo tu.

"Kitabu kilimzidi," alimwambia mkewe. "Si kila mtu ana kichwa cha mambo haya."

Mwaka uliofuata, binti yake Bi Stamili akaja dukani na kifurushi.

"Mama anakusalimu. Anasema kitabu hiki umpe mtu mwenye akili. Na daftari lake hili pia, kama litamfaa mtu."

Binti alipoondoka, Mwalimu akafungua daftari. Alitegemea kukuta kurasa mbili tatu zilizochafuliwa, kisha nyeupe tupu. Akakuta mazoezi ya sura ya kwanza, yamejibiwa kwa mwandiko uliopangika kama wa madaftari ya zahanati. Kwa mazoea ya ualimu akachukua kalamu nyekundu. Jibu la kwanza sahihi. La pili sahihi. Sura ya pili, ya tatu, ya nne, zote sahihi. Akafika sura ya tisa, ambayo yeye mwenyewe ilimtoa jasho, akakuta Bi Stamili amepata jibu kwa njia fupi kuliko ya kitabu.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akafunga duka saa nne asubuhi ile ile, akaenda nyumbani kwa Bi Stamili. Akamkuta uani, anabangua korosho.

"Bi Stamili, mazoezi haya ulifanyiwa na nani?"

"Nilifanya mwenyewe, Mwalimu. Yana makosa mengi?"

"Hayana hata moja. Sasa mtihani ulikushindaje?"

Bi Stamili akaeleza huku akiendelea kubangua.

"Waliniketisha mbele ya kompyuta, wakaniambia, haya, mwandikishe mgonjwa huyu. Kioo kilikuwa cheusi. Sikujua inawashwa wapi. Nikapapasa huku, nikabonyeza kule, wenzangu wakaanza kucheka. Kitabu chako nilikisoma chote, Mwalimu. Hakuna ukurasa unaosema kompyuta inawashwa wapi."

Mwalimu akaikumbuka ile rafu ya chini. Kijitabu cha picha kilianza na jambo hilo hilo.

"Kwa nini hukurudi kuniuliza?"

"Ulisema kila kitu kimo. Nikajua kimo, ila mimi ndiye nimeshindwa kukiona."

"Nitakwenda kwa mganga mfawidhi. Nitamweleza kosa ni langu."

"Nafasi imeshapata mtu. Dada mmoja kutoka Nachingwea, na anaifanya kazi vizuri. Usimsumbue."

"Basi njoo dukani nikufundishe. Kwa kichwa ulicho nacho, wewe ungeweza kuandika programu hasa!"

Bi Stamili akatabasamu, ila macho yake hayakucheka.

"Miezi ile mitatu nilikuwa na raha, Mwalimu. Kila jioni nilikuwa naharakisha kupika ili nikae na kitabu. Lakini sikujua kama naelewa. Hakuna aliyeniambia. Hamu ilikwisha siku ile ya mtihani."

Mwalimu alirudi kwake kwa miguu, akapita watu bila kuwasalimu.

Kuanzia hapo, mtu akija kununua kitabu, kwanza alivutiwa kiti na kuulizwa: unakwenda kukifanyia nini, umeshajua nini, na nini kinakutisha? Duka likasifika hadi Newala. Watu walisema hakuna anayejua kumchagulia mtu kitabu kama Mwalimu Nantanga. Kila aliposikia sifa hiyo aliinamisha kichwa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Funzo: Kabla hujamchagulia mwenzako, mwulize anachohitaji; ukimpa unachokipenda wewe, hata kiwe kizuri namna gani, unaweza kumfanya mtu mwenye akili aishi akijiona mjinga.