Mkia wa Kondoo na Maji ya Mtungi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa chungu mekoni.
Kifunue tuone kilichomo!

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa. Alikuwepo Simba, mwenye karamu. Alikuwepo Chui. Alikuwepo Fisi, Fisi wa madoa, si yule wa michirizi, msije mkamsingizia ndugu yake. Alikuwepo Nguchiro, ambaye wengine humwita panya, naye si panya. Na alikuwepo Kondoo wa mkia mnono, aliyefika mapema kuliko wote. Kondoo alikufa saa nne.

Mkia ukapikwa peke yake. Simba akasema, "Mkia ni wangu. Naenda kuoga." Chui akamfuata, amembebea ndoo. Fisi akaachiwa chungu, Nguchiro akaachiwa moto.

Fisi akaonja. Ng'wee! Akaonja tena. Ng'wee! Akaonja, akaonja, mpaka kikabaki kipande kimoja.

"Mjomba, na mimi?"

"Kula hicho, kidudu wee."

Nguchiro akala. Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka. "Umekwisha! Nitasema umekula mkia wote."

"Mimi mwenyewe naenea ndani ya chungu hicho, mjomba!"

"Simba hapimi. Simba humwamini mkubwa."

Simba akarudi, akafunua chungu. Kitupu! Akanguruma: "Aliyekula mkia wangu hatagusa nyama tena. Atapewa mifupa maisha yake yote!"

Nguchiro akavipapasa vijino vyake kwa ulimi. Mifupa? Angekufa njaa kabla ya Ijumaa.

"Mtaapa wote wawili," Simba akasema. "Sukutueni kwanza." Ndiyo desturi ya barazani kwake: haapi mtu na chakula mdomoni.

Palikuwa na mtungi wa maji, baridi ya kuuma meno, na kikombe cha tangawizi, moto wa kuunguza. Nguchiro akaukumbatia mtungi.

"Huu wangu, mjomba! Wewe chukua kikombe."

"Mtungi mzima, kidudu kama wewe? Lete hapa!" Gu-gu-gu-gu! Fisi akaumaliza.

Nguchiro akashika kikombe. Fyoo, akanywa. Fyoo, akanywa. Mafuta yakayeyuka, yakateremka, ulimi ukabaki mtupu.

Sasa, mafuta ya ufuta na mafuta ya kondoo hayana undugu. Ya kondoo yakipata baridi huganda. Yakaganda kwenye kaakaa la Fisi, yakaganda kwenye ufizi, yakauvika ulimi kanzu.

"Fisi, sema: sikula mkia."

"Hihuha ngia."

"Sema vizuri!"

"Hihu... mmf! Ni Huhiho! Huhiho!"

"Huhiho ndiye nani? Hapa hapana mtu wa jina hilo."

Chui akamchungulia kinywani. "Mzee, humu ndani kumepakwa chokaa!"

"Haya, Nguchiro?"

"Sikula mkia, sikuonja mkia, wala sijui mkia una rangi gani." Maneno yakateleza kama shanga uzini.

Simba akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini, kijana mkweli. Mpeni paja."

Tangu siku hiyo Fisi anatafuna mifupa, na akitaka kujitetea, hucheka tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, nirudishieni nitameza mwenyewe. Na funzo lake ni hili: usiguse kilicho cha mkubwa, na mkweli hujulikana kwa ulimi wake safi.